Kamba ya Mita Ishirini

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa yangu. Bado naandika "mume wangu" polepole ili neno lisiishe haraka. Mume wangu Patrice. Mume wangu alikunywa chai. Mume wangu alisahau kofia, akarudi kuichukua, nikamwona mara mbili asubuhi moja. Mungu ni mwema.

Kasoro ni moja. Tunaishi hapa Kabondo kwa tantine Élise, shangazi yake Patrice, sebuleni, nyuma ya pazia. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kikundi chake cha sala hukutana sebuleni humo humo, kwa hiyo godoro letu hutolewa nje na kuegemezwa ukutani. Leo akina mama kumi na mmoja walipita wakilisalimia. Mmoja alilipapasa, akauliza kama bado halijaleta habari njema.

Lakini leo kuna tumaini. Patrice ni mpimaji kwenye shamba la misonobari, kilometa kumi na nane, barabara ya Banalia. Wapimaji wako wawili, yeye na Constant. Mkubwa wao ni Mama Augustine, ingénieur wa misitu. Amewaambia kwamba mwisho wa mwezi mmoja wao atapewa nyumba ya shamba ahamie. Ni yule ambaye vipimo vyake vitakuwa vizuri zaidi. Vyumba viwili. Bati. Mlango wenye funguo.

Mlango wenye funguo. Nimeona niandike mara mbili.

Patrice alinieleza utafiti wenyewe. Miti yote ilipandwa mwaka mmoja, kwa mbegu ya aina moja, na leo mingine ni mirefu na mingine mifupi. Mama Augustine anapima kina cha udongo, mteremko, maji, mwanga. Kisha anaweka yote kwenye kompyuta na kuchora mstari. Mstari huo utasema hapa msonobari utafika mita ngapi, hata kabla haujapandwa. Tantine alisikia, akasema miti ya sapin iko ya Noeli tu, mutu mukubwa atapima sapin kila siku juu ya nini? Patrice alicheka. Anaeleza vizuri sana. Ana mdomo mzuri pia, nao niliutazama kuliko nilivyousikiliza. Nilichoelewa: mwenye miti mirefu atashinda.

Na hapo ndipo dhuluma ilipo. Constant amepewa vipande vya juu kilimani, cha nne hadi cha sita. Mume wangu amepewa cha kwanza hadi cha tatu, chini, kando ya kijito. Kwa kweli hii haiwezi kuachwa mikononi mwa wanaume.

Jumanne, 7 Oktoba

Patrice huleta daftari la shambani, lake na Constant pamoja, likiwa na jasho na utomvu, nami nanakili kwa mwandiko wangu, ambao hata préfet, mkuu wa shule, aliusifu mwaka niliopata diploma. Leo niliandika: "Kipande cha tatu. Bondeni, mita arobaini kutoka kijito. Udongo wa mfinyanzi. Maji husimama baada ya mvua. Miti mifupi kuliko yote." Neno "mifupi" liliniuma. Nililipigia mstari.

Nikauliza nyumba yenyewe iko wapi. Patrice akasema iko hapo hapo, pembeni ya kipande cha tatu. Nikafurahi. Maji karibu, sitabeba ndoo mbali.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeanza kazi. Mti ni kama mwanaume, ukilishwa vizuri unanyooka. Nilinunua ndoo ya matumbo ya samaki kwa mama mmoja anayeuza samaki wa wavuvi Wagenia, nikachanganya na majivu ya tantine, nikapanda toleka, baiskeli ya abiria. Mwenye baiskeli aliuliza ninasafirisha maiti ya nani. Baada ya hapo alipumua kwa mdomo kilometa kumi na nane nzima.

Nilipika pia lituma, ndizi za kupondwa, ya kuwapelekea wanaume. Walipokuwa wanakula, nilijipenyeza kwenye kipande cha pili nikamwaga ndoo chini ya miti minne. Nikaisemesha kidogo. Nikaiambia sisi ni maharusi.

Jioni Patrice alisema nanukia kama soko. Alisema kwa upole kabisa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkosi. Leo Mama Augustine alikuja kuchukua udongo wa kipande cha pili, na kati ya miti thelathini ya kipande hicho akaenda kuchimba chini ya ile minne. Alisema amefanya kazi ya udongo miaka ishirini, na huu ndio wa kwanza wenye magamba. Akatupa vifuko vyote. Patrice alilazimika kuchimba mashimo manne mapya, ya kina cha mita moja. Amerudi na malengelenge saba. Nimeyabusu yote, kwa zamu.

Miti haijaongezeka hata kidole. Nilimwomba aitazame vizuri, akauliza ipi. Nikasema yote kwa jumla.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata njia isiyonuka.

Nilipeleka chakula tena, na Patrice akanionyesha jinsi wanavyopima. Hufunga kamba kwenye shina. Hutembea mpaka kamba inyooke, mita ishirini kamili. Husimama pale mwisho wake, huinua chombo kidogo jichoni, hutazama ncha ya mti, na chombo kinamwambia urefu. Alivyosimama pale na jicho moja limefumbwa, ningeweza kuolewa naye upya.

Nikauliza: na ukisimama karibu zaidi? Akasema shingo italala nyuma zaidi, na chombo kitafikiri mti ni mrefu kuliko ulivyo. Ndiyo maana kamba lazima iwe kamili. Mume wangu hanifichi kitu. Ndoa yetu imejengwa juu ya hilo.

Kamba mbili hutundikwa kwenye kibanda cha vifaa, kila moja na msumari wake. Kisu nilikuwa nacho, cha kukatia kwanga, mkate wetu wa muhogo. Nikakata mita mbili kwenye kamba ya msumari wa Patrice, nikafunga fundo lile lile mwishoni. Mita mbili. Hata Mungu hatagundua, na kama atagundua, anajua kuhusu lile godoro.

Jumamosi, 11 Oktoba

Patrice amerudi na uso mzito. Miti ya Constant imekuwa ajabu. Ile ya mita kumi na nane sasa ni ishirini. Mama Augustine ameandika alama ya kuuliza pembeni, lakini kubwa, kama ya mtu aliyevutiwa.

Kumbe leo asubuhi walibadilishana kamba. Ya Constant ilikuwa na utomvu inamkwaruza mikono, na mume wangu, kwa roho yake nzuri, akampa ya kwake.

Nililia nyuma ya pazia. Kikundi cha sala kilifikiri nimeguswa, kikaniombea kwa nusu saa.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya utulivu. Misa, wali, maharage, mkono wa Patrice. Kile kipande cha kamba nilichokata nimekifunga uani kati ya nguzo na mpapai. Kimetosha mashati mawili na kitenge kimoja. Tantine amenisifu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alisema kumbe bibi ya Patrice ana akili ya nyumba. Patrice mwenyewe alitundika shati lake jeupe pale. Nilisimama nikalitazama likicheza na upepo kama mtu anayenipungia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Haki ni haki. Kama kamba moja ni fupi, ya pili nayo iwe fupi. Nimeikata. Mita mbili pia, mimi si mchoyo.

Kamba ya nguo sasa ni ndefu mara mbili. Tantine amefua mapazia.

Jumanne, 14 Oktoba

Miti ya mume wangu imerefuka! Ya kipande cha kwanza, cha pili, hata ile mifupi ya kipande cha tatu. Patrice alisema ni ajabu kwamba shamba zima limeruka mita moja au mbili. Alisema hivyo akikuna kichwa. Nilimwambia ni mvua za Oktoba. Alinitazama kwa muda. Nilifikiri ni mapenzi.

Nimeshapanga mahali pa kabati. Chumba cha kwanza, mkono wa kushoto.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua na upepo tangu saa nane. Godoro lililowa kabla kikundi cha sala hakijamaliza zaburi. Tutalala kwenye mkeka. Si neno, nikiwa naye hata mkeka ni mpana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Upepo wa jana uliangusha msonobari mmoja kilimani, kipande cha tano, mti namba kumi na mbili. Mti uliolala hauhitaji chombo wala shingo. Mama Augustine alitoa utepe wa chuma, akaupima chini kuanzia kisiki mpaka ncha. Mita kumi na nane. Akafungua daftari. Mita ishirini, kwa mwandiko wangu mzuri.

Hakupandisha sauti. Aliomba kamba. Akazinyoosha zote mbili kando ya utepe. Kumi na nane na kumi na nane. Constant akasema labda zimeona ndoa ya Patrice nazo zikakonda. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Constant.

Patrice alifika nyumbani mapema. Alienda uani kutoa shati lake. Akaligusa fundo. Akaligusa la pili. Kisha akafungua kamba yote, na mapazia ya tantine yakashuka matopeni. Tantine alisema maneno ambayo hayamo kwenye zaburi.

Mume wangu aliniuliza kamba hiyo nilinunua wapi. Nikasema dukani. Akauliza duka gani. Nikaanza kulia, kwa sababu hakuna duka.

Alikaa kwenye mkeka kando yangu. Alisema, polepole, "Félicité, Mama Augustine hatafuti miti mirefu. Anatafuta kujua juu ya nini mifupi iko mifupi. Ukimudanganya, ule mustari wake utadanganya kila mutu atakayepanda."

Alisema vizuri mno. Nimeyaandika yote. Sauti yake inapokuwa ya huzuni hushuka chini kabisa, kama ngoma iliyofunikwa nguo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Alinipeleka mwenyewe, na vipande viwili vya kamba kwenye mfuko. Alisema mbele ya wote kwamba aliyekata ni mke wake, na kwa hiyo kosa ni lake. Nilitaka kuzimia kwa fahari.

Mama Augustine aliviangalia vile vipande, akaniangalia mimi. Akauliza kama matumbo ya samaki nayo ni mimi. Nikakubali. Akasema, bon, angalau sasa anajua. Hukumu: kila mti, upya, tangu mwanzo. Mia moja na themanini. Kamba mpya italala kwenye mkoba wake. Na mimi nitashika ncha ya kamba kwa mume wangu, bila malipo, mpaka mti wa mwisho.

Constant, ambaye pia anarudia miti tisini kwa ajili yangu, aliuliza, "Shemeji, ile nyumba utafungua na funguo ao na kisu?" Nilimtazama kama mwanamke aliyeolewa.

Jumanne, 21 Oktoba

Siku nne kati ya misonobari. Hii si adhabu, hii ni ile safari ya maharusi ambayo hatukuipata. Kazi yangu ni kubana ncha ya kamba kwenye shina wakati Patrice anatazama juu. Chini pamejaa sindano za miti, laini kama zulia. Ukimya, harufu ya utomvu, na yeye kule mwisho wa kamba. Mara nyingine, hasa kwenye kipande cha pili, nilitoka kwenye shina hatua moja kumwelekea, ncha ya kamba mkononi, ili nimwone vizuri zaidi.

Kwenye kipande cha tatu viatu vyangu vya harusi vilizama mpaka kifundo. Maji yaliyolala, meusi. Patrice alivivuta kimoja kimoja. Amenibeba mgongoni mpaka kwenye njia. Nalishukuru sana lile tope.

Jumatano, 22 Oktoba

Matokeo. Mama Augustine amechora mstari wake, na unapita vizuri. Vipimo vya Constant vimekaa juu yake kama ndege kwenye waya. Vya Patrice pia, isipokuwa miti saba ya kipande cha pili, iliyopungua mita moja moja tangu mwaka jana. Mama Augustine alisema msonobari unaweza kufa, kuungua au kuibwa, lakini haujawahi kufupika.

Nyumba ni ya Constant. Ataenda kuitazama keshokutwa.

Patrice hakunilaumu. Alitoa godoro nje kwa ajili ya sala, akalirudisha, akalala upande wa ukuta. Nilihesabu mara alizogeuka. Nyingi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sijashindwa bado. Nimepika lituma na samaki wa kukaushwa, nikampelekea Constant kwao. Alikuwepo na mama yake, wakakaribisha vizuri. Nikamwambia, kwa wema tu, kwamba kwenye ile nyumba kuna nyoka. Wengi. Mweusi mmoja ana urefu wa kamba. Akauliza kamba ipi, ile ya ishirini ao ile ya kumi na nane. Mama yake alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Constant ni mtoto wa watu wa mto, wa Yanonge, na watu wa mto huogopa nyoka. Nadhani. Alikula yote, akasema ataenda kujionea.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ameogopa! Patrice amerudi mbio, akalitupa begi, akaniinua hadi pazia likaanguka. Constant alifungua ile nyumba, akazunguka vyumba vyote viwili, akachuchumaa kutazama ukuta, akatoka nje akakitazama kijito, kisha akamrudishia Mama Augustine funguo. Amesema hawezi kumwacha mama yake peke yake mjini. Maharusi wachukue, wao wako vijana.

Mama yake! Alikuwa anacheka jana kwa afya tele. Ni nyoka wangu.

Sikumwambia Patrice. Ushindi mwingine mke huuweka moyoni.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tumehamia. Naandika mezani kwangu, ndani ya mlango wenye funguo. Nimeufunga na kuufungua mara tisa.

Nyumba ni nzuri kuliko nilivyoota. Na kuna pambo ambalo hakuna aliyenitajia: mstari wa kahawia umezunguka kuta zote, ndani na nje, usawa wa goti, umenyooka sawasawa kama pindo la kitenge. Aliyeupaka alikuwa fundi. Patrice aliukwaruza kwa ukucha, ukatoka vumbi. Akatoka nje akakitazama kijito, kama Constant. Akafungua daftari, akasoma, akafunga. Akasema labda tumwulize Mama Augustine kwanza, kabla ya kupanga vitu.

Nikamwambia zawadi haiulizwi. Alinitazama nilivyosimama mlangoni na funguo shingoni, akaenda kubeba kabati. Mume mwema.

Kabati: chumba cha kwanza, mkono wa kushoto. Tantine alikuja kutubariki. Alisema hapa iko baridi kidogo chini ya miguu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua ya jana mchana kutwa. Asubuhi nilishusha mguu kitandani nikakuta maji. Ndala zangu zilikuwa zimeelea mpaka upande wa Patrice, zikakaa kando ya zake, sambamba. Nilimwamsha aone. Hata viatu vyetu vinapendana.

Kabati limevimba, halifunguki. Chura mmoja. Nyoka hakuna hata mmoja, nimshukuru Mungu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mama Augustine alikuja na buti. Alisimama sebuleni kwangu, majini, akafungua daftari kwenye kipande cha tatu, akaniuliza mwandiko huu ni wa nani. Nikasema wangu. Akaniomba nisome kwa sauti. Nikasoma: bondeni, mfinyanzi, maji husimama. Akauliza nani alipiga mstari chini ya neno "mifupi". Mimi. Akatikisa kichwa, akasema watu huishi juu ya udongo kama miti tu, ila mti haukuchagua.

Nyumba ilijengwa zamani, kabla ya mtu yeyote kupima kitu. Kuna bajeti ya kuihamishia kilimani, karibu na kipande cha tano, penye udongo mkavu na miti mirefu. Lakini wakubwa wake wanataka vipimo. Kwa hiyo amempa Patrice fimbo yenye alama, sifuri chini, mia moja juu. Kila asubuhi baada ya mvua aisimamishe sebuleni asome. Maji yakifika thelathini asubuhi tatu, tunapanda kilimani. Yasipofika, watatuletea mchanga magunia kadhaa. Kabla hajaondoka alinitazama mimi, akamwambia Patrice fimbo aishike yeye mwenyewe.

Patrice ameipima leo. Ishirini na moja. Ameandika ishirini na moja, kwa uso wake ule wa ukweli ninaoupenda. Kisha ameegemeza fimbo nyuma ya mlango na kwenda kazini, suruali imekunjwa mpaka magotini. Miguu mizuri sana.

Nimekaa juu ya meza nikiitazama ile fimbo. Kilimani. Udongo mkavu. Mume wangu na viatu vikavu. Ni sentimita tisa tu zinazotutenganisha na hayo yote, na fimbo huanza kuhesabu kutoka chini.

Kisu cha kwanga kiko kwenye kamba mpya ya nguo, kimening'inia juu ya maji. Nitakata sentimita kumi za chini, tisa za kilimani na moja ya akiba. Na kile kipande kitafaa kuzuia dirisha.